Majina ya mtoto mdogo kuliko wote katika uzao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiingereza cha vijijini kimempa mnyama mmoja majina chungu nzima: yule mtoto wa nguruwe aliyezaliwa mdogo na mnyonge, anayesukumwa pembeni wenzake wakishika chuchu. Wengi huanza kuuliza baada ya kukutana na "dilling" au "nisgal" katika maandishi ya zamani na kulikosa kwenye kamusi ya mezani. Tukisema Uingereza hapa, tuna maana ya England peke yake. Wales, Uskoti na Ayalandi tunazitaja kwa majina yao, maana huko lugha zenyewe ni nyingine.

Mnyama anayezungumziwa ni yupi hasa?

Ni mdogo na dhaifu kuliko wote waliozaliwa tumbo moja. Mara nyingi ni nguruwe, kwa sababu nguruwe huzaa wengi kwa mpigo: kumi hadi kumi na wanne ni jambo la kawaida, na kila mmoja huwa na wastani wa kilo 1.4 hivi. Anayetoka akiwa chini ya kilo moja ndiye anayeanza kutazamwa kwa jicho la mashaka.

Watu wengi hudhani ndiye anayetoka mwisho. Si lazima. Udogo wake ulianza tumboni: mji wa mimba wa nguruwe una pembe mbili ndefu, watoto wamejipanga humo kama kwenye foleni, na aliyepata nafasi finyu na kondo dogo hupata damu kidogo. Anaweza kutoka wa tatu au wa tisa.

Akishatoka, tofauti inaongezeka. Chuchu za mbele hutoa maziwa mengi kuliko za nyuma, na katika siku chache za mwanzo kila mtoto hujitwalia yake na kuishikilia mpaka aachishwe. Mdogo huachiwa za nyuma, au hukosa kabisa. Tena maziwa hayatiririki muda wote. Mama huyaachia kila baada ya saa moja hivi, nayo hutoka kwa sekunde 20 tu au pungufu. Aliyekuwa bado anahangaika kutafuta mahali pa kushika, hiyo imempita. Na kwa kuwa mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga kutoka damu ya mama, akikosa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya siku ya kwanza, hata akipewa maziwa kesho yake, kinga haitapita tena kwenye utumbo.

Haya si ya mfugaji peke yake. Yanaeleza kwa nini neno lilihitajika: aliyechunga nguruwe alipaswa kumtambua mtoto huyu kabla ya jua kutua na kuamua kama atamsaidia au atamwacha.

Kwa nini maneno ni mengi hivyo kwa kitu kimoja?

Kwa sababu neno hili halikuwa na safari. Jina la ng'ombe, la ngano au la mkate hupita sokoni, mahakamani, shuleni na kanisani, na likipita huko husawazishwa. Mtoto dhaifu wa nguruwe hakupelekwa mnadani, hakuandikiwa hati, wala hakutajwa kwenye kitabu cha shule. Aliongelewa bandani na watu wanaofahamiana. Neno lisilovuka mto halina sababu ya kufanana na la ng'ambo.

Sababu ya pili ni hisia. Mtu huweza kumwita mnyama huyu kwa huruma, kwa dharau au kwa mzaha, na maneno ya hisia huchakaa upesi. Kila kizazi hutafuta jipya.

Maneno yenyewe ni yapi, na ni ya wapi?

Tutayapanga kwa wazo lililomo ndani yake. Orodha ya alfabeti huficha jambo la maana zaidi, yaani kwamba maneno haya hayasemi kitu kimoja.

Kundi la kwanza linamwita mpendwa. "Dilling" ni la kaunti za katikati ya Uingereza, kama Northamptonshire, Bedfordshire, Buckinghamshire na Oxfordshire. Kabla ya kuwa la nguruwe lilikuwa la watu: mtoto kipenzi, hasa yule wa mwisho kuzaliwa. Jirani yake ni "darling", ambalo kila anayejua Kiingereza analijua kama neno la mapenzi, ila wakulima wengine walilitoa bila kusita walipoulizwa jina la nguruwe dhaifu.

Kundi la pili linamwita aliyetupwa. Kaskazini mashariki, Yorkshire na Lincolnshire, wanasema "reckling", nalo huandikwa pia "wreckling". Hunasibishwa na neno la Kinorse cha kale lenye maana ya mtu aliyefukuzwa, na eneo lake linalingana na sehemu ambazo Waskandinavia waliweka makazi tangu karne ya 9. Ukielekea magharibi, Lancashire na Cheshire, unakuta umbo la "ritling".

Kundi la tatu ni la kiota, na hapa ndipo penye utamu. "Nisgal" ya Shropshire na Herefordshire ndani yake ina neno la kiota, ingawa sauti zimelikunja mpaka msemaji mwenyewe halioni tena. "Nestle-tripe" ya Dorset na majirani zake inalo waziwazi. Nguruwe hana kiota cha ndege, bila shaka. Picha imetolewa kwa kinda wa mwisho kuanguliwa, anayekuta wenzake wameshafunguka macho na midomo, ikahamishiwa bandani.

Halafu yako ya East Anglia, mashariki mwa Uingereza, "petman" na "cadma", na ya Cornwall, "piggy-whidden". Hili la mwisho ni mabaki ya lugha iliyozimika. Sehemu yake ya pili hufungamanishwa na neno la Kikornishi "gwidn", yaani nyeupe. Kikornishi kilikoma kuwa lugha ya jamii mwishoni mwa karne ya 18, lakini neno likabaki kwenye midomo ya watu waliokuwa wakisema Kiingereza kitupu, bila wao kujua kwamba nusu yake ni ya lugha nyingine.

Na "Anthony pig" ametoka wapi?

Kent. Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani, ni mtakatifu mlinzi wa wachunga nguruwe. Jijini London, mtaa wa Threadneedle, palikuwa na hospitali iliyobeba jina lake. John Stow, aliyechapa maelezo yake ya jiji mwaka 1598, anasimulia kwamba wasimamizi wa soko walipokuta nguruwe asiyefaa kuuzwa walimchana sikio, na mtu wa hospitali akamfunga kengele shingoni. Kuanzia hapo nguruwe huyo alizurura mitaani, akila majalalani na kupewa makombo na wapita njia, wala hapana aliyethubutu kumdhuru. Akinenepa, hospitali ilimchukua.

Kwa hiyo jina lina maana mbili zilizoshikana: mnyama asiyefaa sokoni, na mnyama aliye chini ya ulinzi. Umbo la "tantony" ni lilelile. Herufi ya mwisho ya neno "saint" imehamia kwenye jina. Ndiyo iliyozaa msemo wa kumfuata mtu kama nguruwe wa Tantony, kwa mtu king'ang'anizi, maana nguruwe wale walimwandama kila aliyewahi kuwapa chakula.

Je, "runt" si ndilo neno sanifu, na haya mengine ni lahaja zake?

Hapana, na hili ndilo kosa tunalolirekebisha mara nyingi zaidi. "Runt" lenyewe ni mgeni katika nafasi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 16 lilikuwa na maana ya kisiki kikuukuu. Katikati ya karne hiyohiyo likawa la ng'ombe wa mbegu ndogo, kama wale wa milima ya Wales na Uskoti. Maana ya mdogo wa uzao inaonekana kwenye maandishi mwaka 1841, tena katika Kiingereza cha Marekani. Wakati huo "dilling" lilikuwa na umri wa karne kadhaa.

Kwa hiyo ukisoma "runt" katika maandishi ya Uingereza ya karne ya 17 au 18, usikimbilie kumwona nguruwe dhaifu. Huenda ni ng'ombe mfupi mwenye afya tele. Au njiwa: wafugaji wa njiwa wana aina iitwayo "runt", nayo ni miongoni mwa njiwa wakubwa kuliko wote. Lugha haikuomba ruhusa.

Nani aliyakusanya maneno haya?

Kazi kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kamusi ya lahaja za Kiingereza ya Joseph Wright, juzuu sita, 1898 hadi 1905. Wright alizaliwa Yorkshire, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, na alikaribia utu uzima kabla ya kujua kusoma. Lahaja aliyoichunguza ilikuwa lugha ya mama yake. Kamusi yake ilitegemea vitabu, orodha za maneno za wenyeji na barua za wasaidizi wengi, hivyo ina maneno tele lakini tarehe na mahali hazina uzito uleule kila mara.

Ya pili ni uchunguzi wa lahaja wa Chuo Kikuu cha Leeds, ulioanzishwa na Harold Orton pamoja na Eugen Dieth wa Zürich. Kazi ya uwandani ilifanyika kati ya 1950 na 1961 katika maeneo 313, kwa hojaji yenye maswali zaidi ya 1,300. Mengi yanahusu shamba: mkokoteni, jembe, ng'ombe, nguruwe. Wasailiwa walikuwa wazee wa vijijini, wengi wao wanaume waliopita miaka 60, wazaliwa wa hapohapo, na ilisisitizwa wawe na meno na masikio mazuri. Meno, kwa sababu aliyeyapoteza hutamka sauti ambazo si za kijiji chake bali za mdomo wake.

Ya tatu ni ya Marekani, kamusi ya Kiingereza cha kimaeneo chini ya Frederic Cassidy. Wahoji waliingia barabarani kwa magari madogo kati ya 1965 na 1970, wakafika jumuiya 1,002 na kuwasaili watu 2,777. Juzuu za maneno zilitoka kuanzia 1985 hadi 2012. Huko New England, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, neno la jadi ni "titman".

Nikitaka kukusanya neno la namna hii mwenyewe, niulizeje?

Kanuni kuu: usilitaje neno unalolitafuta. Mzee mwenye adabu akiulizwa "hapa mnasema reckling?" atajibu ndiyo, ama kwa kuwa alilisikia mahali, ama kwa kuwa hataki kukuvunja moyo. Jibu hilo halina thamani yoyote. Hojaji ya Leeds ilikieleza kitu na kumwachia msailiwa atoe jina: yule mdogo na mnyonge kuliko wote katika uzao, mnamwitaje?

Anza mbali. Zungumzia banda, mama, idadi ya watoto, nani anawatazama usiku. Mtu akishaanza kuongea ya bandani, lugha ya banda inakuja yenyewe. Akiwa bado anaongea na mgeni, atakupa neno la kiofisi. Kisha uliza, na ukae kimya. Ukimya wa sekunde kumi unaudhi, lakini neno la babu liko nyuma ya neno la redio na linahitaji nafasi ya kupita.

Akijibu, usifunge daftari. Uliza kama kuna jina jingine. Uliza kama hulitumia kwa mbwa, kifaranga au mtoto wa mtu. Uliza kama analitumia yeye au alilisikia kwa wazazi wake tu. Mwombe alitie kwenye sentensi. Andika matamshi kwanza, kwa alama za kifonetiki kama unazijua, ndipo tahajia. Ukianza na tahajia, sikio litafuata macho. Kadi moja iwe hivi, kwa mfano:

nisgal | Shropshire | mkulima, miaka 70 na kitu | nguruwe tu. Kwa kifaranga hasemi | alilisikia kwa babu, yeye husema "runt" | hakulitajiwa

Neno hilo la mwisho, "hakulitajiwa", ndilo linaloipa kadi uzito. Kadi isiyo nalo tunaiweka pembeni.

Nimekuta orodha ya maneno 50 au zaidi. Niiamini?

Itazame kwa mashaka. Orodha hizi huvimba kwa njia tatu.

Kwanza ni tahajia. "Reckling", "wreckling" na "rackling" zinahesabiwa tatu, ilhali w hiyo haitamkwi na tofauti ya irabu ni ya sikio la mwandishi. "Nisgal", "nisgull" na "nesgull" ni vivyo hivyo. Yasome kwa sauti kabla ya kuyahesabu.

Pili ni sifa za kupita. Mkulima akisema "ah, huyo hali vizuri", mwingine ataandika "hali-vizuri" kama jina. Swali la kujiuliza ni kama msemaji angeweza kumwita mnyama hivyo bila kumwona, kesho yake, mezani.

Tatu, na ndiyo mbaya zaidi, ni maneno yaliyoingia kwa kuchanganya maana. Mfano mkubwa unafuata.

"Cade", "cosset" na "sock" je? Si ni haya haya?

Siyo. Hayo ni ya mwanakondoo anayelelewa kwa mkono, mara nyingi kwa kuwa mama yake amekufa au amemkataa. "Cade" ni la kaunti za kati, "cosset" la East Anglia, "sock" la Sussex. Mwanakondoo huyo anaweza kuwa mkubwa na mwenye nguvu. Amekosa mama, hakukosa uzito.

Mkanganyiko una chanzo chake. Nguruwe dhaifu naye aliishia jikoni karibu na moto, akinyweshwa na watoto wa nyumba. Wanyama wawili wakilelewa pembeni ya jiko moja, majina huazimana. Lakini uliza kila mara: amepewa jina kwa udogo, kwa zamu ya kuzaliwa, au kwa malezi? Hayo ni mambo matatu, na ukiyaunganisha ramani yako itaonyesha mpaka ambao haupo.

Wales, Uskoti na Ayalandi wanasemaje?

Katika Kiwelisi wazo la kiota limetawala kuliko popote, ingawa hapo linaegemea zaidi upande wa zamu ya kuzaliwa: "tin y nyth", tako la kiota, na "cyw melyn olaf", kifaranga cha njano cha mwisho. Yote mawili husemwa kwa mtoto wa mwisho wa familia, la kwanza likiwa na utani zaidi. Kiskoti kina "shargar" kwa kiumbe kilichodumaa, nalo linahusiana na neno la Kigaeli la kunyauka, pamoja na "wallydrag" kwa kinda au mtoto wa mwisho. Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, husikika "crowl". Tahadhari moja kuhusu Ayalandi: "bonham", kutoka Kiayalandi "banbh", ni mtoto wa nguruwe yeyote. Orodha nyingi humwingiza kwa kosa.

Maneno haya hutumika kwa wanyama wengine?

Mbwa na paka, ndiyo, siku hizi zaidi kuliko nguruwe, ila karibu kila mara kwa "runt". Kondoo na ng'ombe, ni nadra. Anayezaa mmoja au wawili hana mdogo wa kundi.

Bado yanasikika?

Machache, na kwa wazee. Nguruwe ameondoka uani na kuhamia kwenye mabanda makubwa, ambako mtoto dhaifu ana namba na mizani. "Runt" limeenea kwa maandishi na kwa filamu. Hata waulizaji wamebadilika: BBC ilipofanya mradi wake wa sauti za nchi mwaka 2004 na 2005, iliuliza watu wanasemaje wakihisi baridi, wakichoka au wakitoroka shule, mambo ambayo mtu wa mjini naye anayo.

Nikitafsiri kwa Kiswahili niandike nini?

Usiandike "kitinda mimba". Hilo ni la zamu ya kuzaliwa, na tumeshaona kwamba mdogo si lazima awe wa mwisho. Linafaa mahali pawili tu: penye "cyw melyn olaf" na wenziwe, na penye "dilling" likiwa bado la mtoto wa mtu. "Kibushuti" na "kibeti" ni ya maumbile ya mtu mzima, tena yana kejeli. "Aliyedumaa" ni sahihi kwa "shargar", lakini linaeleza hali ya baadaye. Mtoto wa saa mbili hajapata muda wa kudumaa. "Kuvia" linakaribia, kwa kuwa ni kushindwa kukua kufikia kimo chake, ila wasomaji wengi watalisikia kwa tunda au yai kwanza.

Kwa maandishi ya ufugaji andika "mdogo wa uzao", halafu utaje uzito. Kwa hadithi au barua ya zamani, liache neno la asili katika alama za kunukuu mara ya kwanza, na uchague Kiswahili kwa kufuata kundi lake: "kipenzi" kwa "dilling", "mtupwa" kwa "reckling", "wa mwisho kiotani" kwa "nisgal" na "nestle-tripe". Ukiandika "mnyonge" kwa yote manne, msomaji wako hatajua kwamba mkulima wa Northamptonshire na wa Lincolnshire, wakimtazama mnyama yuleyule, mmoja alimwita kwa mapenzi na mwenzake alimhesabu kuwa ameshatupwa.